Logi za Kweri Kwenye Ghala la Data: Vuna Kwanza, Ndipo Ufute

Ukiambiwa ghala la data limejaa, usikimbilie kulaumu jedwali la mauzo. Fungua kwanza folda ya logi. Mimi nasimamia Greenplum, mfumo wa hifadhidata unaogawa data kwenye seva kadhaa, katika kampuni ya usambazaji bidhaa huku Mombasa Road, seva kuu moja na seva nne za segimenti (zinazobeba vipande vya data), na kwetu kila kweri, yaani swali au amri kwa hifadhidata, inayotumwa huandikwa kwenye faili. Kila siku mfumo hufungua faili mpya. Ya jana inabaki, ya juzi inabaki, ya mwaka juzi nayo ipo. Greenplum haizifuti yenyewe. Kazi hiyo imeachiwa msimamizi, na msimamizi akiwa na mambo mengine, diski ndiyo itakayomkumbusha.

Nazungumzia toleo la 6, ambalo limejengwa juu ya hifadhidata huria ya PostgreSQL 9.4. Toleo la 7 lipo, na mwaka 2024 msimbo wa Greenplum uliacha kuendelezwa hadharani, kwa hiyo kuna wanaoelekea Cloudberry, mradi huria uliotokana na Greenplum. Sisi hatujahama, na bajeti ya kuhama ni mazungumzo ya siku nyingine.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usome mengine ukiujua: faili za logi hazistahili kukaa muda mrefu, lakini historia ya kweri inastahili. Hivyo ni vitu viwili. Mwenye kioski akishaandika mauzo ya siku kwenye daftari, vile vikaratasi vya mezani anaweza kuvitupa. Shida ya ofisi nyingi nilizoziona ni kwamba zinarundika vikaratasi na daftari halipo.

Zilipo, na zisizo zako

Kwenye seva kuu, logi ziko ndani ya folda ya data, kwenye pg_log, na majina yake huanza na gpdb, kisha tarehe na saa, yakiishia na csv. Kila segimenti ina pg_log yake, na nakala ya akiba ya segimenti hiyo ina yake pia. Watu husafisha seva kuu wakasahau huko kwingine. Pima kila mahali kwa mkupuo mmoja kwa gpssh, inayotuma amri kwa seva zote zilizoorodheshwa kwenye faili (hapa seva_zote):

gpssh -f seva_zote -e 'du -sh /data*/*/gpseg*/pg_log'

Njia za folda zako huenda zikatofautiana, badilisha. Usisahau pia folda ya gpAdminLogs kwenye nyumbani kwa gpadmin, mtumiaji msimamizi wa Greenplum. Humo zana kama gpstart na gpbackup huandika mambo yao. Huwa ndogo, ila nazo hazijifuti.

Sasa onyo ambalo ningependa libandikwe ukutani kwa kila anayepewa nenosiri la gpadmin. Ndani ya folda hiyohiyo ya data, karibu kabisa na pg_log, kuna pg_xlog na pg_clog. Zina "log" kwenye jina lakini si logi za kusoma. Ya kwanza inabeba kumbukumbu za mabadiliko ambazo injini huzitegemea ikianguka ghafla, ya pili inaonyesha muamala upi ulikamilika na upi ulibatilishwa. Ukizifuta umeua hifadhidata. Waliozifuta wakidhani wanaokoa nafasi walikuwa wengi kiasi kwamba PostgreSQL 10, mwaka 2017, ilizibadilisha majina zikawa pg_wal na pg_xact. Sisi wa toleo la 6 tumebaki na majina ya zamani na hatari yake. Kwa hiyo skripti yoyote ya kufuta itaje pg_log kwa jina kamili, na itaje gpdb-*.csv. Ukimwona kijana ameandika *log* na nyota mbili, mwondolee mkono kwenye kibodi kwanza, mazungumzo baadaye.

Punguza makelele kabla ya kupunguza siku

Greenplum huja ikiwa na log_statement kwenye all, yaani kila kweri inaandikwa bila kuchagua. Ushauri utakaoupata haraka ni kuiweka kwenye ddl, ambapo utaona tu nani kaunda au kabadilisha jedwali. Siukubali. Kwenye ghala la data, SELECT, yaani kusoma data, ndiyo kazi yenyewe. Ukizima kuandika SELECT umebaki na historia ya mafundi, ya wateja umeitupa.

Kinachojaza faili mara nyingi si watu. Ni mitambo. Kuna programu ya ulinzi inayouliza SELECT 1 kila baada ya sekunde chache kuona kama hifadhidata iko hai. Kuna shughuli ya usiku ya kupakia data inayotuma maelfu ya INSERT zinazofanana. Hao watumiaji wana majina yao, basi wanyamazishe wao peke yao:

ALTER ROLE mlinzi SET log_statement = 'none';
ALTER ROLE mlinzi SET log_duration = off;
ALTER ROLE upakiaji SET log_statement = 'ddl';
ALTER ROLE upakiaji SET log_duration = off;

Mabadiliko haya hushika kwa muunganisho mpya tu. Kama katikati una PgBouncer, programu inayotunza miunganisho na kuitumia tena, miunganisho ya zamani itaendelea kupiga kelele mpaka ifungwe, kwa hiyo usishangae jioni ukikuta hali ni ileile.

Kwa watu wengine wote, acha all na uwashe log_duration, inayoandika kweri ilichukua muda gani:

gpconfig -c log_duration -v on
gpstop -u

Hiyo gpstop -u haizimi kitu, inasoma upya mipangilio tu. Nasema hivi kwa sababu neno stop limewahi kumtoa mtu jasho. Bila log_duration, kweri inaweza kuacha mstari mmoja tu, wa kuanza, na baadaye ukitafuta ilichukua muda gani utapata sifuri.

Saa ya nani?

Uliza hifadhidata:

SHOW log_timezone;

Ikijibu UTC, yaani saa ya kimataifa, faili yako ya "siku" haibadiliki saa sita usiku ya Nairobi. Inabadilika saa tisa usiku, kwa kuwa tuko saa tatu mbele. Kweri iliyotumwa Jumatano saa nane usiku itaandikwa kwenye faili ya Jumanne. Unaweza kuiweka log_timezone iwe Africa/Nairobi na ukamaliza. Mimi nimeiacha UTC kwa sababu mitambo mingine yote tunayolinganisha nayo iko huko, ila kwenye skripti ya kuvuna nabadilisha saa kabla ya kuhesabu siku. Chagua moja, uiandike mahali, usiibadilishe katikati ya mwaka.

Daftari lenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Greenplum ina skima (kundi la majedwali) iitwayo gp_toolkit, na humo kuna mwonekano (kweri iliyohifadhiwa, inayosomwa kama jedwali) gp_log_command_timings unaosoma faili za seva kuu na kukupa mtumiaji, hifadhidata, mwanzo, mwisho na muda wa kila amri. Ni mzuri, lakini jua unavyofanya kazi: unapouita, kwa ndani unafungua kila faili ya csv iliyomo pg_log na kuisoma yote. Folda ikiwa na faili za mwaka mzima, swali lako dogo la "jana nani alichelewesha ripoti" litasoma mwaka mzima. Na kinyume chake: faili ukishaibana ikawa csv.gz, mwonekano hauioni tena. Ndiyo maana kuvuna lazima kutangulie kubana.

Tengeneza jedwali, limegawanywa kwa miezi:

CREATE TABLE historia.kweri (
  siku date, ilianza timestamptz, muda interval,
  mtumiaji text, hifadhidata text,
  kikao text, amri text, umbo text)
WITH (appendonly=true, orientation=column, compresstype=zlib, compresslevel=5)
DISTRIBUTED RANDOMLY
PARTITION BY RANGE (siku)
 (START (date '2025-01-01') INCLUSIVE
  END (date '2027-01-01') EXCLUSIVE
  EVERY (INTERVAL '1 month'));

Kisha skripti ya kila asubuhi, ikiendeshwa na gpadmin kwa sababu mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kusoma logi:

SET timezone = 'Africa/Nairobi';
INSERT INTO historia.kweri
SELECT t.logtimemin::date, t.logtimemin, t.logduration,
  t.loguser, t.logdatabase, t.logsession, t.logcmdcount,
  left(regexp_replace(
    regexp_replace(m.logmessage, $r$'[^']*'$r$, '?', 'g'),
    '[0-9]+', '?', 'g'), 4000)
FROM gp_toolkit.gp_log_command_timings t
JOIN gp_toolkit.gp_log_master_concise m
  ON m.logsession = t.logsession
 AND m.logcmdcount = t.logcmdcount
 AND m.logtime BETWEEN t.logtimemin AND t.logtimemax
WHERE m.logmessage LIKE 'statement:%'
  AND t.logtimemin >= current_date - 1
  AND t.logtimemin < current_date;

Mambo mawili humo yanahitaji maelezo. Lile sharti la BETWEEN linaonekana la ziada, lakini namba za vikao (muunganisho mmoja ni kikao kimoja) huanza upya injini ikizimwa na kuwashwa. Stima ikipotea na jenereta ikachelewa, con57 ya asubuhi na con57 ya jioni ni watu wawili tofauti, na bila sharti hilo utawachanganya.

La pili ni zile regexp_replace mbili. Ya kwanza inageuza kila kilichomo ndani ya alama za nukuu kuwa alama ya kuuliza, ya pili inafanya hivyo kwa kila tarakimu. Kweri inayotafuta simu ya mteja 254722 na kuendelea, na nyingine ya simu tofauti, zinakuwa umbo moja. Hata mauzo_2024 na mauzo_2025 zinaungana kuwa mauzo_?, nami naona hiyo ni faida. Hapo unapata jambo ambalo faili mbichi haziwezi kukupa kirahisi: kweri hii, kwa umbo lake, imeendeshwa mara ngapi mwezi huu, na imekula saa ngapi za mitambo kwa jumla?

SELECT mtumiaji, md5(umbo) AS alama, count(*), sum(muda), max(umbo)
FROM historia.kweri
WHERE siku >= date_trunc('month', current_date)
GROUP BY 1, 2 ORDER BY 4 DESC LIMIT 20;

Mara ya kwanza kuiendesha, angalia walio juu. Kwetu kilele hakiji mwisho wa mwezi kama watu wanavyodhani. Kinakuja kuanzia tarehe 17, idara ya fedha inapolinganisha ankara kabla ya kuwasilisha VAT kwa mamlaka ya kodi, KRA, tarehe 20. Tulikuwa tukipanga matengenezo ya mfumo katikati ya mwezi tukidhani hapo pametulia. Na kuna ripoti zinazojiendesha kila saa kwa ajili ya watu walioshaacha kazi. Hizo utazigundua kwa jina la mtumiaji, na kuzizima kutakupa nafasi zaidi ya ufutaji wowote wa logi.

Kinachofichwa ndani ya logi

Kwa nini naziba tarakimu? Kwa sababu logi ya kweri ni data binafsi hata kama hukuikusudia iwe hivyo. Mchambuzi akiandika WHERE simu = na namba ya M-Pesa ya mwenye duka wa Githurai, namba hiyo imeingia kwenye faili ya maandishi matupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data binafsi isiwekwe kupita muda unaohitajika kwa shughuli iliyokusanyiwa, na haina mlango wa nyuma kwa ajili ya logi. Ikivuja, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Umbo lenye alama za kuuliza halina simu ya mtu. Si kinga kamili, kwani jina lililoandikwa kwenye maoni ya kweri litapita, lakini sehemu kubwa imezibwa.

Manenosiri nayo. Ukiandika CREATE ROLE na PASSWORD kwa mkono, nenosiri linaingia kwenye logi kama lilivyo. Ndani ya psql (programu ya kuandikia kweri) tumia \password, inalisimba kabla ya kulituma. Na usimpe mtu ruhusa ya kusoma pg_log eti "aangalie tu ripoti yake". Mpe mwonekano juu ya historia.kweri unaomwonyesha mistari yake.

Kubana na kufuta

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kazi ngumu imeisha. Faili mbichi nazibana zikipita siku chache, zilizobanwa nazifuta baada ya siku 60:

find /data/master/gpseg-1/pg_log -name 'gpdb-*.csv' -mtime +2 -exec gzip {} \;
find /data/master/gpseg-1/pg_log -name 'gpdb-*.csv.gz' -mtime +60 -delete

Kwenye segimenti peleka amri hizohizo kwa gpssh, ukibadilisha njia. Kabla ya kuweka -delete, endesha na -print na usome orodha kwa macho yako. Kumbuka -mtime +2 huhesabu saa 24 kamili na kutupa vipande, kwa hiyo faili itaguswa ikifika siku ya tatu. Gzip haibadilishi tarehe ya faili, basi hesabu ya siku 60 inaendelea kutoka siku ilipoandikwa.

Faili ya leo usiiguse. Injini imeishika wazi, na ukiifuta utaona jina limetoweka ilhali df, amri ya kupima nafasi ya diski, inaonyesha nafasi ileile, maana Linux haiachii nafasi mpaka faili ifungwe. Ukimkuta mtu ameshafanya hivyo, lsof +L1 itakuonyesha faili iliyofutwa ikiwa bado imeshikwa, na SELECT pg_rotate_logfile() kwenye seva kuu itafungua mpya na kuachia ile.

Kwenye crontab, ratiba ya kazi zinazojiendesha za Linux, unganisha kuvuna na kusafisha kwa alama mbili za na:

15 5 * * * /home/gpadmin/vuna.sh && /home/gpadmin/safisha.sh

Kuvuna kukishindwa, kusafisha hakuanzi. Hii ndiyo sababu psql ndani ya vuna.sh iwe na -v ON_ERROR_STOP=1, la sivyo itakosea na bado iseme mambo ni shwari. Saa kumi na moja na robo alfajiri inafaa kwa sababu kweri ndefu za usiku zimekwisha na wachambuzi bado wako kwenye matatu. Kama saa ya seva ni UTC, andika 2 badala ya 5.

Jedwali la historia naliweka miezi 13, si 12, ili tarehe 20 ya mwezi huu iwe na tarehe 20 ya mwaka jana ya kulinganishwa nayo. Mwezi wa zamani unaondoka kwa amri moja:

ALTER TABLE historia.kweri DROP PARTITION FOR ('2025-01-01');

Walio kwenye wingu

Mnaotumia ghala la data la kukodi mtandaoni, msidhani haya hayawahusu. Redshift huweka historia kwenye majedwali yake ya mfumo, ya STL, kwa siku 7. Snowflake ina siku 7 upande wa INFORMATION_SCHEMA na siku 365 upande wa ACCOUNT_USAGE, ambao unaweza kuchelewa hadi dakika 45. BigQuery inaweka historia ya kazi (kila kweri ni kazi) kwa siku 180. Huko shida ni kinyume cha yangu: vitu vinafutwa bila kukuuliza, kwa hiyo kuvuna ni lazima zaidi. ClickHouse iko upande wangu, jedwali lake la system.query_log halijifuti mpaka uliwekee TTL, yaani muda wa kuishi.

Akija mkaguzi

Siku moja utaulizwa la zamani. Kwetu aliingia kijana wa fedha: "Madam, wakaguzi wako huku chini. Wanataka kujua nani alifungua jedwali la mishahara ile Jumanne ya tarehe 11, mchana mchana hivi." Mchana hivi ni saa ngapi? "Baada ya lunch. Saa nane."

Saa nane mchana ni 14:00 ya Nairobi, kwa logi ya UTC ni 11:00. Anza na historia.kweri, inajibu nani na lini kwa sekunde chache. Wakitaka maandishi kamili ya kweri, gplogfilter inasoma faili iliyobanwa moja kwa moja:

gplogfilter -b '2025-03-11 10:30' -e '2025-03-11 11:30' -f 'mishahara' gpdb-2025-03-11_000000.csv.gz

Wape kipindi kipana kidogo kuliko walichotaja, kwa sababu "saa nane" ya mtu aliyetoka kula ni kati ya saa saba na nusu na saa nane na nusu. Zikipita siku 60 maandishi kamili hayapo tena. Hilo waambie mapema, kwa karatasi iliyosainiwa na mkuu wa idara kabla hawajaja, si siku wanapoketi mezani kwako.